Collymore hakuivumbua M-Pesa, na bado tulikuwa na haki ya kumlilia

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 1 Julai 2019, Bob Collymore, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya simu ya Safaricom, alifariki nyumbani kwake Nairobi kwa saratani ya damu. Kabla ya adhuhuri picha yake ilikuwa imeenea kwenye simu za Wakenya, na wengi waliomwandikia rambirambi walimwita baba wa M-Pesa, huduma ya kampuni hiyo ya kutuma pesa kwa simu. Kazi yangu ni mifumo ya malipo ya simu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka kuandika kwa utulivu kuhusu jina hilo. Nampa marehemu heshima yake yote. Ila naamini mtu huliliwa vizuri zaidi anapoliliwa kwa alichokifanya hasa, na alichokifanya Collymore ni kikubwa vya kutosha bila kuongezewa kazi ya wengine.

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Wazo lilitoka Vodafone ya Uingereza, kampuni yenye hisa katika Safaricom, kwa Nick Hughes, na mtu aliyekuja Kenya kulitia mwilini ni Susie Lonie. Sehemu ya fedha za kuanzia ilitoka kwa idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza. Majaribio ya mwaka 2005, yaliyofanywa pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, yalikusudia jambo dogo tu: watu waliokopa kwenye vikundi walipe marejesho yao kwa simu. Waliopewa simu hizo wakagundua matumizi yao wenyewe. Wakaanza kutumiana pesa, mwingine akimtumia mzazi aliye kijijini, mwingine akijitumia ili asisafiri na noti mfukoni. Waliokuwa wakiendesha majaribio waliliona hilo, wakabadili mpango mzima. Mkurugenzi mtendaji wa Safaricom wakati huo alikuwa Michael Joseph, na yeye ndiye aliyetia dau jina la kampuni kwenye huduma ambayo benki nyingi hazikuielewa.

Collymore alichukua usukani Novemba 2010. M-Pesa tayari ilikuwa na mamilioni ya watumiaji, na kampuni ilikuwa taabani kwa sababu nyingine kabisa. Miezi michache kabla ya hapo mshindani wake mkubwa alikuwa ameshusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na kila kampuni ikalazimika kumfuata. Hisa za Safaricom, ambazo mwaka 2008 zaidi ya Wakenya 800,000 waliziomba kwa shilingi 5 kila moja, ziliporomoka hadi chini ya shilingi 3. Waliokuwa wamekopa ili wanunue walikuwa na uchungu, na nakumbuka vizuri jinsi mazungumzo ya vijiweni yalivyokuwa makali.

Katika miaka ile ndipo kazi ya Collymore ilipofanyika, na inahitaji kuelezwa taratibu kidogo kwa sababu haionekani kwa macho.

M-Pesa aliyoikuta ilikuwa huduma ya kutuma na kutoa. Pesa iliingia kwa wakala, ikaruka, ikatolewa kwa wakala mwingine, na safari ikaishia hapo. Makato yalipangwa kwa mwendo huo: mtumaji analipa, anayetoa analipa. Ukitaka kununua mkate kwa pesa iliyo kwenye simu, makato yanaweza kukufanya uone afadhali kutoa noti. Ili pesa ibaki ndani ya simu na izunguke humohumo, ilibidi duka lipokee malipo bila mnunuzi kuumia. Huduma ya Lipa na M-Pesa ya mwaka 2013 ilifanya hivyo. Mwenye duka alipewa nambari ya till, yaani nambari ya kupokelea malipo, na ada ikakatwa kwake badala ya kukatwa kwa mteja. Leo nambari hizo zimechorwa kwa rangi kwenye vibanda vya mama mboga na kubandikwa vioo vya teksi, na kijana wa miaka 20 hawezi kuamini kwamba kulikuwa na wakati hazikuwepo.

Mwaka mmoja kabla yake, Novemba 2012, ilikuja M-Shwari, kwa ushirikiano na benki ya CBA. Kitu kipya hapo kilikuwa namna ya kumpima mkopaji. Mtu asiye na hati ya shamba wala barua ya mwajiri alipimwa kwa mwenendo wake kwenye simu: anaweka akiba kiasi gani, anatumaje, anarejesha vipi. Halafu mwaka 2015 mitambo yenyewe ya M-Pesa ikahamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya. Watu wengi hawakujua kwamba hadi wakati huo, mtu wa Kisumu akimtumia jirani yake shilingi 200, maagizo yalikuwa yakipitia Ulaya. Sisi tunaofanya kazi hii tulishusha pumzi siku hiyo. Na mwaka 2017 ukafunguliwa mlango uitwao Daraja, ambao humwezesha mtengenezaji programu yeyote mwenye kompyuta na subira kuunganisha tovuti yake na M-Pesa. Kampuni changa nyingi za Nairobi zimepita katika mlango huo. Kama ningeombwa nichague kitu kimoja cha kuandika kwenye kumbukumbu yake, ningechagua hicho, ijapokuwa najua hakuna aliyekitaja katika salamu za rambirambi.

Hakuna kati ya hayo alilolifanya kwa mikono yake. Collymore hakuwa mhandisi, wala hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na alilisema hilo wazi. Alizaliwa Guyana mwaka 1958, akahamia Uingereza akiwa na miaka 16, akapanda ngazi ndani ya kampuni za simu, kuanzia British Telecom hadi Vodafone, akipitia Japani na Afrika Kusini. Maono ya kiongozi wa biashara ya teknolojia huwa kwenye mambo anayokubali kuyalipia wakati faida yake bado haijaonekana, na anayokataa kuyafunga wakati kuyafunga kungemletea pesa ya haraka. Kwa kipimo hicho alikuwa na maono. Kufikia mwaka aliofariki, faida ya mwaka ilikuwa imevuka shilingi bilioni 60, hisa ile ya shilingi 3 ilikuwa imepita 25, na watumiaji wa M-Pesa nchini Kenya walizidi milioni 20. Wasomaji wa Tanzania na Kongo, ninyi M-Pesa yenu iko chini ya Vodacom na ina historia yake. Hesabu hizi ni za Kenya peke yake.

Sasa kuhusu kilio chenyewe.

Miezi miwili kabla yake, Mei 2019, Afrika Mashariki ilimpoteza Reginald Mengi, mfanyabiashara wa Tanzania mwenye kampuni za IPP. Alifariki Dubai, mwili ukarudishwa Dar es Salaam, watu wakajipanga barabarani kutoka uwanja wa ndege, wakaaga katika ukumbi wa Karimjee, kisha safari ikaenda Kilimanjaro hadi kaburini Machame. Wiki moja ilipita kati ya kifo na mazishi. Huo ndio msiba mkubwa tunaoujua: mwili unasafiri, watu wanausindikiza, na kila kituo kinawapa nafasi ya kulia.

Mwili wa Collymore ulichomwa katika tanuru la kuchomea maiti la Kariokor, Nairobi, siku iliyofuata kifo chake, mbele ya watu wachache. Wakenya wengi walishangaa. Ilikuwa imewahi kutokea, Wangari Maathai alichomwa Kariokor mwaka 2011, lakini kwake zilipita siku kadhaa na kulikuwa na heshima za kitaifa. Hapa watu waliamka Jumatano wakakuta hakuna jeneza la kuaga wala kaburi la kwenda kutupia udongo. Siku moja haitoshi hata kamati ya mazishi kukaa.

Hilo la kamati linanigusa kwa namna ya pekee. Kwa miaka mingi sasa matanga ya Kenya yameendeshwa na M-Pesa. Mtu akifa, linaundwa kundi la WhatsApp, anateuliwa mweka hazina, inatumwa nambari, na michango inaingia kutoka Eldoret, Doha na Minnesota ndani ya saa chache. Jina la kila aliyetoa linaorodheshwa kundini pamoja na kiasi chake. Bili ya hospitali inalipwa hivyo, mwili unatoka chumba cha maiti hivyo, jeneza na mahema hivyohivyo. Kwa hiyo mamilioni ya watu walikuwa wameshamlilia mtu wao kwa kupitia chombo kilichosimamiwa na Collymore. Ukitafuta sababu ya mtu wa kawaida kusikitikia mkurugenzi wa kampuni ambaye hajawahi kumwona, mimi ningeanzia hapo. Steve Jobs alipofariki Oktoba 2011 watu waliweka maua na matofaa yaliyong'atwa nje ya maduka ya Apple, kwa mapenzi ya kifaa walichokinunua. Mapenzi ya Wakenya yalikuwa ya aina nyingine, yamejengwa kwenye karo iliyofika kabla mtoto hajafukuzwa na dawa iliyonunuliwa usiku.

Ibada ya kumbukumbu ilifanyika Alhamisi, tarehe 4 Julai, katika Kanisa Kuu la All Saints, ikarushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Vijana wa Ghetto Classics, kikundi cha muziki kutoka mtaa wa mabanda wa Korogocho, walipiga muziki. Hawakualikwa kupamba shughuli. Tamasha la jazi ambalo Safaricom ililianzisha mwaka 2014 lilikuwa likipeleka mapato yake kwenye mafunzo yao, na Collymore mwenyewe, aliyejifunza saksafoni ukubwani, alikuwa akikaa nao. Marafiki zake wa karibu, wanaume waliojiita Boys Club, walisimama wakasimulia visa vyao naye huku wakicheka na kulia. Kwa siku nyingi baadaye watu walijadiliana kama wanaume wa Kenya wanajua kuwa na marafiki wa namna hiyo. Wengine walikasirika, wakasema ni kikundi cha matajiri. Nadhani pande zote mbili zilikuwa zinaomboleza, kila mmoja kwa lugha yake.

Nalo la siasa lisisahaulike. Novemba 2017, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, muungano wa upinzani uliwataka wafuasi wake waisusie Safaricom. Collymore wakati huo alikuwa Uingereza kwa matibabu tangu Oktoba. Chini ya miaka miwili baadaye Raila Odinga, kiongozi wa muungano huo, alikuwa miongoni mwa waliomwomboleza hadharani. Sioni unafiki hapo. Kampuni ambayo wakati huo serikali ilikuwa ikimiliki asilimia 35 ya hisa zake haikuweza kukwepa ugomvi wa siasa, na mkuu wake anaweza kupingwa na kupendwa na watu walewale.

Alirudi kazini Julai 2018, na alirudi akiuzungumzia ugonjwa wake. Alitokea kwenye televisheni akaeleza dalili, uchunguzi, na miezi ya matibabu. Katika nchi ambako tangazo la kifo huandikwa "baada ya kuugua kwa muda mrefu" na likaishia hapo, lilikuwa jambo la ujasiri. Kisha ukaja mwisho wa Julai 2019: tarehe 26 akafa Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na tarehe 29 Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Wote watatu saratani, wote ndani ya mwezi mmoja. Okoth naye alichomwa Kariokor. Makadirio ya mwaka uliotangulia yalikuwa visa vipya karibu 48,000 na vifo karibu 33,000 kwa mwaka nchini Kenya, na ghafla hesabu hizo zikawa na sura. Wabunge wakataka saratani itangazwe janga la kitaifa. Watu wakauliza, kwa haki kabisa, ni nani anayeweza kwenda kutibiwa London kwa miezi tisa, na anayetegemea hospitali ya kaunti afanyeje. Swali hilo lilikuwa sehemu ya matanga yake, na mtu aliyekuwa na moyo wa kusema ugonjwa wake hadharani asingekasirika kuulizwa.

Kuna deni lingine ninalotaka liingie kwenye kumbukumbu, kwa sababu ni la fani yangu. Januari 2019, miezi sita kabla ya kifo chake, ilizinduliwa Fuliza, inayokuruhusu kukamilisha malipo hata salio likipungua. Kiufundi ni kazi safi sana. Mfumo unaamua kwa sekunde chache kama ukuongezee na kiasi gani, ukiwa dirishani kwa mhudumu. Lakini ada yake ilihesabiwa kwa siku, na kwa kiasi kidogo ilikuwa nzito. Mtu aliyefuliza shilingi mia chache za unga alirudisha zaidi ya alivyotazamia, akafuliza tena ili afidie pengo. Nimewasikiliza watu wanaoishi hivyo mwezi hadi mwezi. Ada hizo zilipunguzwa mwaka 2022, na siku tatu za kwanza zikawa bure kwa wanaofuliza hadi shilingi 1,000. Lipa na M-Pesa, Daraja na Fuliza zote zimetoka katika uongozi wa Collymore.

Michael Joseph alirudi kushika nafasi kwa muda, na Aprili 2020 Peter Ndegwa akawa Mkenya wa kwanza kuiongoza Safaricom kwa kudumu. Mwezi huohuo Safaricom na Vodacom zikakamilisha ununuzi wa haki za M-Pesa kutoka Vodafone, kwa hiyo jina na programu yenyewe vikahamia Afrika. Mazungumzo ya kununua haki hizo yalikuwa yameanza Collymore akiwa hai.