Gari Likilala Kwenye Kona: Kabla Hujanunua Stabilaiza Nene

Wiki haipiti bila mtu kuniletea Impreza au Spacio hapa gereji, Kampala, na ombi lile lile: "Fundi, gari linalala sana kwenye kona, nifungie stabilaiza nene." Kabla sijagusa jeki namuuliza kama gari limeinuliwa. Mara nyingi limeinuliwa. Kuna speisa za sentimita tatu juu ya springi ili lisigonge matuta, na simlaumu mtu kwa hilo, maana hata mimi nakaa kwenye barabara ya murram. Lakini ukiinua bodi, uzito wote umepanda nayo, na uzito uliokaa juu hulala zaidi kwenye kona. Kwa hiyo stabilaiza anayoitaka ni ya kutibu kitu alichokifunga mwenyewe.

Stabilaiza ni chuma cha springi kilichokunjwa mfano wa herufi U. Katikati kimeshikwa chini ya gari na bushi mbili za mpira, kila moja ndani ya breketi, yaani kishikio cha bati, na ncha zake zimeunganishwa kwa linki, vile vijiti vifupi, na gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, kama kwenye tuta, chuma kinazunguka tu ndani ya bushi zake. Kwenye kona, springi ya gurudumu la nje inajikunja na ya gurudumu la ndani inanyooka. Hapo chuma kinasokotwa, na ule ubishi wake wa kutotaka kusokotwa ndio unaoizuia bodi isilale. Shimo la upande mmoja nalo ni kama kona: gurudumu la kushoto likizama, chuma kinalivuta na la kulia. Stabilaiza ikizidi unene, kwenye barabara zetu za ndani shingo yako itatupwa huku na huku kama umepanda mtumbwi siku ya upepo.

Wengi hudhani milimita mbili ni kitu kidogo. Ugumu wa chuma hiki hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne. Ukitoka milimita 20 kwenda 22, umeongeza ugumu kwa asilimia 46. Ukienda 24, umeuzidisha zaidi ya mara mbili. Na kama stabilaiza uliyonunua ina matundu mawili kila ncha, linki ikifungwa kwenye tundu la ndani ugumu unapanda tena, kwa sababu mkono wa stabilaiza, ile sehemu ya pembeni iliyokunjwa, umefupishwa: kutoka milimita 250 hadi 230 ni kama asilimia 18 zaidi. Ndiyo maana nakwambia nenda hatua moja, uendeshe wiki mbili, ndipo uamue.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wateja hunibishia mpaka waendeshe wenyewe. Stabilaiza ngumu haiongezi mshiko pale ilipofungwa. Kwa kawaida inaupunguza. Gari likiingia kona, uzito huhamia matairi ya nje, na ule mwisho wa gari wenye stabilaiza ngumu zaidi ndio unaobeba sehemu kubwa ya uhamaji huo. Tairi lililoelemewa linapata mshiko zaidi, lakini si kwa kadiri ya uzito lililoongezewa, na mwenzake wa ndani amepoteza. Ukiyajumlisha mawili, umepata hasara. Magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana tabia ya pua kukimbilia nje ya kona huku umekata usukani. Ukifunga stabilaiza nene mbele peke yake, bodi itasimama vizuri, utajisifu, na pua itazidi kukimbia. Kwa hiyo anza nyuma. Mkia ukikazwa kidogo, pua inatii. Ukikazwa mno, mkia ndio utakaotoka, hasa ukiinua mguu ghafla kwenye mafuta katikati ya kona iliyolowa. Mtu anayeshuka kutoka Kapchorwa kwenda Mbale wakati wa mvua hapaswi kujaribu hilo.

Vitz, Spacio na wenzao wengi wana mhimili wa nyuma wa kipande kimoja unaojisokota wenyewe, yaani mhimili ndio stabilaiza. Kuna vyuma vya kuongezea, lakini nimeona gari nyingi za aina hiyo zikipona kwa shokapu mpya tu. Impreza ni habari nyingine, nyuma kila gurudumu linajitegemea, na hapo ndipo stabilaiza inalipa.

Na hapo ndipo nilipokosea. Mteja alinijia na stabilaiza ya nyuma aliyoinunua mwenyewe, nene kweli, nami nikaifunga kwenye breketi zile zile za kiwandani. Akaenda safari ya mashariki. Aliporudi, kila akipita kwenye bonde nyuma kulikuwa kunagonga, kok, kok. Nikainua gari, nikapitisha kidole kwenye breketi ya kushoto: bati lilikuwa limechanika kando ya bolti, ufa unaingia ukucha. Chuma kilikuwa na nguvu kuliko kilichokishikilia. Nilimlipia breketi, na tangu siku ile sizidishi milimita 22 kwenye Impreza bila breketi zilizoimarishwa.

Kabla ya kutoa pesa, lala chini ya gari lako. Shika linki kwa mkono uitikise, ikicheza, imekwisha. Angalia stabilaiza pale inapoingia kwenye bushi: ukiona chuma kinang'aa kama sarafu, bushi imelegea na chuma kimekuwa kikijisugua. Sheria ya 2018 imezuia kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15, lakini hata lenye miaka kumi na kitu huletwa na mpira ule ule wa kiwandani, mkavu, una nyufa. Bushi na linki mpya za kawaida zimewarudishia wateja wangu wengi gari walilodhani limeharibika. Tazama shokapu pia. Stabilaiza ni springi, haizimi mtikisiko hata kidogo. Shokapu iliyovuja itaiacha bodi inayumba hata ufunge chuma cha lori.

Ukiwa bado unaihitaji, nenda soko la vipuri la Kisekka na kaliper ya kupimia unene mfukoni. Pima sehemu iliyonyooka, kwangua rangi na kutu kwanza. Stabilaiza ya mtumba iliyotoka kwenye toleo lenye nguvu la gari hilo hilo ni ununuzi mzuri kuliko mpya isiyo na jina, mradi mashimo ya breketi yalingane. Iliyo na uwazi ndani isikutishe: ya milimita 22 yenye uwazi wa 14 inapoteza ugumu kama asilimia 16, lakini ni nyepesi kwa asilimia 40.

Bushi za poliurethani ni ngumu na hudumu, ila kwa wanaokaa murram nawashauri mpira. Vumbi likiingia kwenye poliurethani iliyokaukiwa grisi linageuka msasa, linakula stabilaiza yenyewe. Ukizichagua, zipakwe grisi ya silikoni kila mara tunapofanya sevisi.

Springi za kushusha gari sizifungi kwa mtu anayepita kwenye matuta yetu. Safari ya shokapu inakwisha, gari linagonga chini, basi.

Kwa walioinua gari, linki za urefu wa kawaida hukaa kwa pembe mbaya na kuzivuta ncha za stabilaiza chini. Tafuta ndefu zaidi, au za kurekebishwa. Nati za linki na za bushi za mikono inayoshika magurudumu zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukikaza likining'inia kwenye jeki, likishuka mpira unabaki umesokotwa siku zote, na utapasuka mapema. Kisha pima alaimenti, na baada ya kilomita 500 rudi tukaze tena.