Kamera yako haijui nyeupe (na Lamu yote ni nyeupe)

Harusi ya kwanza niliyolipwa niliipiga hapahapa mtaa wa Langoni, Lamu, miaka imepita sasa, nikapeleka picha kwa wenyewe na furaha zangu zote. Babake bwana harusi akakaa na laptopu akaziangalia moja moja, hasemi kitu, alipofika zile za zefe, yale maandamano ya harusi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, kwani kanzu za watoto wangu hazikufuliwa?" Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Kanzu zote zilikuwa rangi ya jivu. Na zilikuwa zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimefukizwa udi, mi ndo niliyezitoa kama zimelala jikoni.

Ikabidi nitafute kosa liko wapi, na kosa lenyewe ni hili ambalo hata wageni wanaoshuka na lenzi za malaki naona wengi hawalijui. Ndani ya kamera kuna kipimo cha mwanga, na hicho kipimo hakijui kama kinaangalia kanzu au makaa, chenyewe kimefundishwa jambo moja tu, kwamba dunia ukiichanganya yote inatoka kijivu cha kati. Ukikipa ukuta wa chokaa umejaa fremu nzima kinasema ah mwanga huu umezidi, kinapunguza, ukuta unatoka kijivu. Ukikipa buibui limejaa fremu kinasema giza hili, kinaongeza, buibui linatoka kijivu pia, tena limechuja kama la miaka kumi. Hakina ubaya na mtu, chenyewe kinavuta kila kitu katikati.

Dawa yake ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa ambacho watu wengi hawajakigusa tangu wanunue kamera. Kila namba moja ukipanda mwanga unakuwa mara mbili, ukishuka unabaki nusu. Kwa ukuta mweupe wa juani au watu wa kanzu wamejaa kwenye fremu mi naanza na +1, saa ingine nafika +1.7, afu naangalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, isije ikagonga upande wa kulia. Buibui karibu karibu, -1. Kama una simu bonyeza kidole palepale penye weupe, kitatokea kialama cha jua, kipandishe kidogo. Simu za siku hizi zina akili, zikiona sura ya mtu zinajirekebisha, lakini ukuta mtupu bado unazidanganya. Na ngome isikuchanganye, kuta zake ni za matumbawe makuukuu si nyeupe, pale acha sifuri.

Sasa jua lenyewe. Mji wa kale wa Amu, ndo Lamu yenyewe, huu uliowekwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, umeangalia mashariki, mbele yake mkondo na ng'ambo ni kisiwa cha Manda. Manake jua likichomoza linapiga moja kwa moja nyumba za pwani, linaingia kwenye vichochoro vinavyopanda kutoka baharini kuelekea mtaani, na hiyo raha haikai, tuko kama nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta jua linapanda wima halichezi. Saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili kasoro, hapo ndo kazi. Mtu anaamka saa tatu, anakunywa chai yake na mahamri, anatoka saa nne na nusu, afu ananiambia picha za Lamu hazina rangi. Jioni jua linazama nyuma ya mji kwa hiyo nyumba za pwani zinakuwa kivulini, ukitaka machweo panda darini au chukua boti ukae mkondoni uupige mji kama kivuli cheusi. Na usichelewe, likishazama giza halibishi hodi.

Mchana mi siogopi ila siendi pwani, naingia Usita wa Mui. Hiyo njia inakwenda sambamba na bahari na nyumba zimebanana, jua la saa sita linaangukia katikati kama utepe, pembeni ni kivuli. Usijaribu kuonesha vyote viwili, kamera haiwezi, macho yako ndo yanaweza. Pima kwa ule utepe wa jua, acha kivuli kiwe kivuli, subiri mtu apite. Juzi nilisimama hapo kama dakika arobaini, akapita punda na matofali ya matumbawe, vumbi la chokaa linamwagika kwenye matandiko, na kila chembe ikiingia kwenye utepe inawaka inazimika, inawaka inazimika. Mwenye punda akanipigia kelele nisogee. Nikasogea, ukisikia "punda huyo!" nyuma yako usigeuke kupiga picha, jibanze ukutani kwanza.

Ndani ya nyumba za kizamani ndo patamu zaidi. Vyumba ni virefu na vyembamba, na hiyo si mtindo, ni sababu ya boriti za mikoko, upana wa chumba ni urefu wa boriti basi. Kwa hiyo unahitaji lenzi pana na unahitaji kusimama kona, kamera usawa wa kifua, imelala sawa kabisa, ukiinamisha au kuinua kidogo tu kuta zinaanguka kama nyumba inabomoka. Mwanga unaingia kutoka kiwandani, yaani ule ua wa ndani, na unapungua kadri unavyokwenda ndani, chumba kwa chumba, na zile plasta nyeupe zinaurusha mbele kidogo kidogo. Tafadhali zima flashi. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zina nakshi ya kina cha kidole, flashi inapiga uso kwa uso inafuta vivuli vyote, unabaki na ukuta kama keki iliyomwagiwa maji. Fanya hivi: tripodi, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100 au 200, shata (muda kamera inabaki wazi) sekunde mbili au tatu, na kama mwanga hautoshi mwambie rafiki ashike tochi ya simu pembeni, karibu na ukuta, mwanga uparuze. Nakshi yote inainuka. Milango nayo ni hivohivo, kuna saa yake jua linaparuza mlango kwa upande, kila mlango una dakika zake chache na mwenye nyumba anazijua, muulize.

Kuuliza. Hapa nitasema ukweli bila kuzungusha, watu wa Amu wamechoka kupigwa picha kama tembo. Mtu ana baraza yake, ana sura yake, na kisheria pia Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, picha ya mtu ni data yake, ukiitumia kibiashara bila idhini umejitafutia. Kina mama usiwainulie lenzi kabisa bila kuongea, hata kwa mbali, hasa kwa mbali. Mi njia yangu ni kahawa. Naketi uwanja wa Mkunguni chini ya mikungu, natoa salamu vizuri kwa wazee, "masalkheri," naitikiwa, muuza kahawa anakuja na dele lake na vikombe vinagongana mkononi kling kling, nanunua yangu na ya walio pembeni, kamera iko mapajani wanaiona. Hiyo kahawa ni chungu kweli ina tangawizi, inakunywewa na halua au kashata. Kikombe cha pili hivi mzee mmoja lazima atauliza, "Hicho kidude ni cha shingapi?" Hapo ndo unaomba. Akikataa, kunywa kahawa yako. Akikubali usimpange, mwache aendelee na bao lake, na ukimaliza geuza skrini umuoneshe, mpelekee na nakala kama unaweza. Droni ni kibali, usirushe kienyeji, na mambo ya wanajeshi na boti zao usiyaguse.

Wanyama sasa, manake kuna wanaodhani Lamu ni punda na paka tu. Maji yakikupwa upande wa mikoko utakuta yangeyange na kulastara wamesimama kwenye tope, na hapa ile hesabu ya nyeupe inageuka kichwa chini. Ndege ni mweupe lakini ni mdogo kwenye fremu, tope jeusi ndo limejaa, kamera inasema giza hili, inaongeza, yangeyange anaungua anakuwa kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi, unyoya hata mmoja huoni. Kwa hiyo kanzu ulijumlisha, yangeyange unatoa, -0.7 mpaka -1, akiruka shata 1/2000 kwenda juu. Ukiweza kushuka mpaka Mida, kule Watamu, kati ya Oktoba na Aprili kuna ndege wa rangi mbili, mweupe na mweusi, mdomo mnene, wageni kutoka pande za Uarabuni, wanakula kaa kwa fujo. Nenda maji yakiwa yanajaa, bahari yenyewe inawasukuma waje ufukweni, ukiwafuata wewe wanaruka. Kutoka hapo Arabuko-Sokoke ni jirani tu, kama kilomita 420 za mraba za msitu, na kuna sengi mwenye kiuno cha dhahabu, kanyama kadogo ka pua ndefu, huyo kwa kweli nimemkosa mara nyingi kuliko nilizompata, msitu giza na yeye ana haraka, ISO 3200 na dua.

Maji ndo saa ya pili ukitoa jua, na hayo yamenifunza kwa ukali. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji hujaa alfajiri na alasiri, hukauka katikati ya asubuhi, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Takwa, ule mji uliohamwa karne ya 17 kule Manda, unaingia kwa mkondo wa katikati ya mikoko na boti inapita maji yakijaa tu. Tukaenda alasiri, vizuri kabisa, nikapiga mibuyu, nikapiga ule msikiti wenye nguzo juu ya kibla, jua likaanza kuwa la dhahabu nami nikasema moja tu ya mwisho. Nahodha akaita mara ya kwanza. Akaita mara ya pili, "Mai yapwa hayo mwanangu, utalala na mikoko!" Nikamjibu, "Naja ami, dakika mbili." Zilikuwa ishirini. Tulisukuma boti kwenye tope la magoti, kamera kichwani, mbu wametupokea kama wageni wa heshima, na ile picha ya mwisho yenyewe imetikisika. Ami hakunisema njia nzima, na hilo ndo lilikuwa gumu kuliko kusemwa.

Kitu kingine kidogo: ukilala chumba cha eisi (AC) usitoke alfajiri na kamera mkononi mbio mbio. Lenzi ni baridi, nje ni joto la mvuke, inafunga ukungu palepale, na ukiipangusa unarudia kupangusa. Mi nilikosa majahazi matatu yakitoka na tanga zote juu hivohivo nikiwa nimesimama nayaangalia kwa macho. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiku, itoe nje nusu saa kabla, ndani ya mfuko.

Kama unapanga safari na unataka kujipima na nyeupe, njoo Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, simama karibu na msikiti wa Riyadha alioanzisha Habib Swaleh, utaona kanzu mamia kwa mamia zinapita na matari juani na kuta za chokaa nyuma. Piga kwa faili za RAW si za JPEG, manake JPEG kamera ishaamua ikatupa yaliyobaki, RAW inakuachia nafasi ya kurudi. Zile za harusi nilipiga JPEG. Bado ninazo kwenye diski, nikikosa kazi nazifungua najaribu kuziinua, kanzu zinakuja nyeupe vizuri tu lakini vivulini zinaanza kutoka punje za kijani, na bwana harusi anakuwa kama mgonjwa.