Je, wajua mbona wimbo wa roki wa juzi wasikika wa enzi za baba yako?

Kuna wimbo wa Tame Impala unaitwa The Less I Know the Better, ulitoka 2015, yaani ni wa juzi tu kwa hesabu ya muziki, lakini mchezee mtu ambaye haujui halafu mwangalie uso. Ama atatulia kidogo akwambie "huu nishawahi kuusikia, ni wa lini vile, themanini na ngapi?" ama atakunja uso aseme hawa watoto hawana jipya wameiba tu. Wachache sana watasema wimbo mzuri na kuendelea na mambo yao. Sasa mbona kitu cha juzi kinamfanya kijana wa miaka 20 akumbuke enzi ambazo hakuwa amezaliwa, na wakati huohuo kinamkera ami yake ambaye enzi hizo alikuwepo na anazijua?

Kwa wasioujua, Tame Impala ni jina la bendi lakini studioni ni mtu mmoja, Kevin Parker, mtu wa Perth huko Australia, na albamu yenye wimbo huu, Currents, aliitunga, akapiga vyombo, akarekodi na kuichanganya mwenyewe. Wauza muziki wanaiweka kwenye roki mbadala. Wimbo wenyewe unaanza na besi nzito ya disko, gita zinaingia, sauti nyembamba ya juu inasimulia mwanamume anavyomuona msichana anayempenda akiwa na jamaa mwengine, Trevor, na wivu unamla. Kisa cha taarab kabisa hicho, kimekosa mafumbo tu. Mwaka 2020 wasikilizaji wa redio ya triple j ya Australia walipiga kura ya nyimbo 100 za muongo mzima na huu ukashika namba moja, kwa hivyo si sisi peke yetu tulioguswa.

Mimi nilishuhudia pande zote mbili kwa mpigo pale Lighthouse, Mombasa, jioni, milango ya gari iko wazi, mihogo ya kukaanga mkononi na ile pilipili yake na ndimu, binamu yangu ndo mwenye simu na simu ndo yenye muziki. Besi ilipoanza tu, ami akageuka.

"Weye, hii si ni disko ya kina Biddu? Ile ya Qurbani?"

"Ami, hii ni ya 2015, na ni Mzungu wa Australia."

"Basi kaiba."

Akarudi kutafuna muhogo wake, na kichwa kikawa kinatikisika hadi wimbo ukaisha.

Qurbani kwa walio wadogo ni sinema ya Kihindi ya 1980, na mle ndani mna wimbo wa disko Aap Jaisa Koi ulioimbwa na Nazia Hassan akiwa bado binti mdogo na kutengenezwa na huyo Biddu, ambaye ndo pia alikuwa nyuma ya Kung Fu Fighting ya 1974. Nimezisikiliza zote mbili nyuma mbele, ile ya Qurbani na hii ya Parker, na melodi hazifanani. Maneno ndo kabisa. Lakini ami hakuwa ameota, alisikia kitu cha kweli, ila alikipa jina ambalo silo.

Mwaka 2010 mtafiti wa saikolojia ya muziki wa Marekani, Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, alichukua nyimbo maarufu akazikata vipande vya milisekunde 400, hata nusu sekunde haifiki, akawachezea watu. Kwa zaidi ya robo ya vipande hivyo watu walitaja msanii na jina la wimbo, jambo ambalo peke yake linashangaza, lakini kilichonishika mimi ni kwamba hata ule wimbo ambao hawakuutambua kabisa bado waliweza kwa kiasi fulani kukisia ni wa muongo gani. Sasa fikiria, ndani ya muda huo hakuna neno lililokamilika, melodi haijaanza, kibwagizo ndo hakijafikiriwa. Kilichopo ni rangi ya sauti tu, vile chombo kinavyolia na vile chumba na mashine zilivyokipokea. Ni kama udi, ukipita uchochoro wa Mji wa Kale ukaunusa wajua nyumba hii ina harusi kabla hujamuona mtu hata mmoja. Kwa hivyo ami alishapiga hesabu ya mwaka kabla Parker hajafungua mdomo, na baada ya hapo ubongo ulikuwa unatafuta tu wimbo wa kuubandika mwaka huo.

Na hio rangi haitokei hewani, nyingi ni kasoro za mitambo. Chukua tepu. Tepu ni ukanda wa plastiki uliopakwa unga wa chuma, sauti inaandikwa kwa sumaku, na ukiipelekea sauti kubwa kuliko uwezo wake haipasuki ghafla vile dijitali hufanya, inakubali huku ikibana vilele vya mawimbi taratibu, na katika kule kubana inazalisha sauti nyengine ndogo ndogo juu ya ile ya mwanzo ambazo hakuna mtu aliyezipiga. Hizo ndo masikio yetu yanaita joto. Halafu mota haizunguki sawasawa, kwa hivyo noti inapanda na kushuka kidogo sana, unaihisi bila kujua ni nini. Studio walikuwa wakipitisha tepu kwa kasi ya sentimita 38 au hata 76 kwa sekunde, lakini kaseti ya Philips iliyotoka 1963 ilikwenda sentimita 4.76 tu, na kadiri ukanda unavyokwenda polepole ndivyo kasoro zinavyosikika, sasa ongeza jua la Mombasa kwenye dashibodi ya matatu mchana kutwa, jioni ukiichomeka mwimbaji kalegea. Kizazi kizima hapa kilijua sauti ya wanamuziki wakubwa wa dunia ikiwa imelegea hivyo.

Mwangwi nao una tarehe yake. Mwanzoni mwa miaka ya 60 kampuni ya Fender ilianza kuwauzia wapiga gita mwangwi wa springi, springi za chuma kweli kweli ndani ya boksi. Sauti ya gita inaitikisa springi upande huu, inasafiri hadi ule ikijigongagonga njiani, inatoka imechelewa na ina majimaji, na ukiupiga mtambo teke zile springi zinanguruma radi. Sauti ya mwimbaji kuwekwa mbili mbili ni hadithi nyengine, pale studio za Abbey Road mwaka 1966 fundi Ken Townsend alibuni njia ya kutumia tepu kuizalisha sauti ya pili kwa sababu John Lennon wa Beatles alikuwa amechoka kuimba kitu kimoja mara mbili, na si ajabu kwamba watu wengi wakimsikia Parker humtaja Lennon. Dramu ndo kabisa ni saa ya ukutani. Miaka ya 70 walikuwa wanazifunika taulo na blanketi zilie kavu, halafu mpiga dramu Phil Collins na fundi Hugh Padgham wakiwa kwenye albamu ya tatu ya mwimbaji Peter Gabriel, iliyotoka 1980, wakapata ule mlio mkubwa wa ukumbini unaokatwa ghafla, na dunia nzima ikauiga miaka kumi. Ukizijua hizi unaweza kukaa kwenye tuktuk ukawa unataja miaka ya nyimbo bila kuangalia simu, ingawa dereva hatafurahi.

Saa hii yote hayo yamo ndani ya programu, kijana yuko chumbani kwao Kisauni na laptopu anabonyeza tu, anachagua joto la tepu, springi, dramu kavu, na wimbo aliourekodi jana unavaa miaka 40. Zile kasoro ambazo mafundi wa zamani walipigana nazo usiku na mchana wakitaka kuziondoa ndo hizo watu wanalipia pesa kurudishiwa.

Haya, hio inaeleza kwa nini twasikia uzamani. Lakini kijana kukumbuka asichokiishi? Krumhansl huyohuyo pamoja na Justin Zupnick walitoa utafiti mwengine 2013, waliwachezea vijana wa umri wa kama miaka 20 nyimbo zilizoongoza chati za Marekani kila mwaka kuanzia 1955 hadi 2009, wakawauliza zipi mnazijua, zipi mnazipenda, zipi zina kumbukumbu. Walitarajia ziongoze za utotoni mwao na kweli zilikuwa juu, lakini kukatokea na kilima kingine mwanzoni mwa miaka ya 80, wakati wazazi wao walikuwa vijana, na kingine miaka ya 60. Yaani muziki unarithiwa. Mama anapika anacheza kaseti yake, mtoto yuko sakafuni na vijigari vyake, hakuna aliyemfundisha kitu lakini rangi ile inaingia na inakaa pamoja na harufu ya nazi na kelele za nyumbani, na miaka 20 baadaye Mzungu wa Perth anaigusa.

Hapo ndo sikubaliani na wale wanaosema roki si muziki wa Pwani kwa hivyo hatuna cha kukumbuka ndani yake. Roki kwa jina lake labda, lakini rangi ilifika zamani na kwa milango mingi. Ilifika kwa sinema za Kihindi, ilifika kwa disko ya Boney M, ilifika kwa bendi za mahoteli ambazo ilibidi zijue kupiga kila kitu mtalii alichotaka. Them Mushrooms walianzia hapahapa Mombasa 1972, na Jambo Bwana yao ya 1982 isikilize leo kwa spika nzuri bila kumfikiria mtalii hata mmoja, sikiliza gita na besi tu, ni rangi ileile ya wakati ule. Mombasa Roots walichukua chakacha wakaitia disko wakaiita Disco Chakacha na hakuna aliyeona ajabu. Hata taarab yetu, ile ya kina Zuhura Swaleh yenye taishokoto, ni chombo cha Kijapani kile, tena kikipitishwa kwenye amplifaya kinakwaruza kwaruzo ambalo mpiga gita wa roki angelilipia.

Na mbona mmoja anayeyuka na mwengine anakereka? Kijana hana cha kulinganisha. Anayo rangi bila wimbo, kwa hivyo wimbo wowote utakaovaa rangi hio ataupokea kama wake. Ami anayo rangi na nyimbo zake zote, na nyimbo hizo amezigandisha umri wa ujana, watafiti Holbrook na Schindler walipopima mwaka 1989 walikuta mapenzi ya mtu kwa nyimbo hufika kilele kwa zile zilizovuma alipokuwa na miaka kama 23 na nusu hivi, kwa hivyo kila kinachofanana kinapimwa na ule ujana na mizani haiko sawa. Ndo maana pia mambo huenda kinyume: Running Up That Hill ya Kate Bush ni ya 1985 kwelikweli, ikawekwa kwenye tamthilia ya Stranger Things, Juni 2022 ikashika namba moja Uingereza, na vijana wengi wakaipokea wimbo mpya wakati wazazi wao wanashangaa ni nini kinaendelea.

Ule wizi sasa. Kisheria melodi ina mwenyewe na maneno yana mwenyewe, lakini rangi ya sauti ilikuwa ikichukuliwa kuwa ya watu wote, mpaka ikaja kesi ya Blurred Lines, wimbo wa 2013 wa Robin Thicke na Pharrell Williams. Familia ya mwimbaji Marvin Gaye ilidai wimbo ule umechukua kutoka Got to Give It Up ya 1977, na wataalamu wengi wa muziki walisema kinachofanana pale ni hali na mdundo zaidi kuliko noti, lakini mwaka 2015 baraza la raia waamuzi wa mahakama (jury) huko Los Angeles likaipa familia ushindi, na baada ya hakimu kupunguza fidia bado ilibaki zaidi ya dola milioni 5. Rufaa ya 2018 haikuwasaidia walioshtakiwa. Nilimweleza ami kesi hio akafurahi sana, "si nimekwambia!" Nikamuuliza basi marehemu Juma Bhalo wa taarab tumfanyeje, manake zile melodi za sinema za Kihindi alizozitilia maneno ya Kiswahili hakuzichukua rangi, alizichukua zima zima na mji wote unazijua. Akanyamaza kidogo.

"Bhalo," akasema, "aliziboresha."