Mwaka 1799 katika nyumba ya Washington

Swali la kwanza tunaloulizana wahifadhi wa majengo ya kale ni la mwaka. Nyumba iliyokaliwa na vizazi kadhaa ina sura nyingi, na haiwezekani kuzirudisha zote kwa pamoja. Kwa nyumba ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, iliyoko Mount Vernon, kando ya Mto Potomac jimboni Virginia, mwaka uliochaguliwa ni 1799. Ndio mwaka aliofia humo, tarehe 14 Desemba.

Nyumba hii si ya serikali. Mwaka 1853 Ann Pamela Cunningham wa South Carolina alipata barua ya mama yake, aliyekuwa amepita mtoni kwa meli na kuiona nyumba inavyochakaa. Serikali ya Marekani na ile ya jimbo la Virginia zilikuwa zimekataa kuinunua. Ann Pamela akaandika magazetini kuwaomba wanawake wenzake wachange, kikaundwa chama, Mount Vernon Ladies' Association, na mwaka 1858 wakafunga mkataba wa dola 200,000 kwa nyumba na ekari 200. Wakati huo sehemu ya paa la baraza inayotazama mto ilikuwa imeegemezwa kwa milingoti ya meli! Chama hicho ndicho mmiliki hadi leo, na kinaendesha mambo yake kwa viingilio, mauzo na michango.

Ukiitazama nyumba kwa mbali utaapa ni ya mawe. Kumbe ni mbao za msonobari. Zimechongwa mifereji ili zifanane na mawe yaliyopangwa, zikapakwa rangi nzito, kisha mchanga ukarushwa juu ya rangi ikiwa bado mbichi. Washington aliagiza hivyo kwa sababu mbili: mchanga huifanya mbao idumu, na huipa sura ya jiwe. Sisi wa pwani tumezoea kuta za matumbawe na chokaa, tunajua ukuta unavyodai mkono wa fundi kila baada ya miaka. Mbao inadai zaidi, maana maji yakishapenya nyuma ya rangi huoni kitu mpaka imeoza. Ndiyo maana nawaheshimu mafundi wanaoirudia leo kazi ile ile ya rangi na mchanga, ubao kwa ubao.

Lakini mwaka huo huo wa 1799 Washington aliandika pia orodha ya watumwa wa mashamba yake. Walikuwa 317: 123 wake mwenyewe, 153 wa mirathi ya marehemu mume wa kwanza wa mkewe Martha, na 41 wa kukodi. Kuna majina, kazi, na nani ni mume au mke wa nani. Kwangu mimi, ukijifunga kwa 1799 katika rangi ya ukuta, umejifunga pia kwa majina hayo. Chama kilichukua muda mrefu kufika hapo. Kiliweka jiwe la kumbukumbu kwenye makaburi ya watumwa mwaka 1929, na mnara wa sasa, uliobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, ulizinduliwa mwaka 1983. Tangu 2014 wanaakiolojia wamekuwa wakiondoa udongo wa juu tu, mpaka mstari wa kila kaburi uonekane, bila kuwagusa waliolala humo.

Mwaka 2024, wakati wa ukarabati, zilipatikana chupa 35 zilizofukiwa chini ya sakafu ya ghala la chini ya nyumba, 29 zikiwa nzima, na baadhi yake zingali na cheri ndani. Zilifukiwa katika karne ya 18, na jikoni enzi hizo alikuwepo Doll, mpishi aliyeletwa na Martha mwaka 1759. Hapa ndipo somo linapoanza. Binti wa Doll, Lucy, naye alikuwa mpishi, na mumewe Frank Lee alihudumu ndani ya nyumba. Frank alikuwa miongoni mwa wale 123, Lucy na watoto wao miongoni mwa wale 153. Wosia wa Washington uliweza kuwaachia huru wa kwake tu. Frank akapata uhuru mwaka 1801. Lucy na watoto wakabaki utumwani, na Martha alipofariki mwaka 1802 watumwa wa mirathi wakagawiwa wajukuu zake.

Chama kimeweka kumbukumbu hizi kwenye hifadhidata iliyo wazi mtandaoni. Mwalimu anayetaka kufundisha nyumba hii namshauri aanze na jina la Lucy, ndipo aende kwenye kuta.