Kabla ya kufungua kopo la kostiki soda, hesabu ndoo za maji

Wanafunzi wengi huingia maabara wakiiogopa asidi ya salfuriki na kuidharau sodiamu haidroksaidi. Asidi kali ikikugusa inauma papo hapo, nawe unakimbilia bomba bila kuambiwa na mtu. Kostiki soda, kama wanavyoiita madukani, huweza kukaa kwenye ngozi dakika kadhaa kabla hujahisi maumivu. Unachohisi mwanzoni ni utelezi, na utelezi huo ni sabuni kweli: kostiki soda ni alkali, kinyume cha asidi, na imeshaanza kuyageuza mafuta ya ngozi yako. Maumivu yakifika, yenyewe imeshapita tabaka la juu na inazidi kuzama.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya shule mkoani Mtwara, na katika kabati lote la kemikali hii ndiyo ninayoisimamia kwa ukali kuliko nyingine. Asidi nyingi zikiunguza hugandisha protini za ngozi, na ule mgando unapunguza kasi ya asidi kwenda ndani. Alkali haigandishi, inayeyusha. Inavunja protini, inasabunisha mafuta, na sehemu iliyoungua inakuwa rojo lisilozuia chochote kupita. Ndiyo maana jicho lililorukiwa na alkali kali liko hatarini zaidi kuliko lililorukiwa na asidi nyingi za maabara: ndani ya muda mfupi sana inapenya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na kufika sehemu za ndani, na madhara yake yanaweza kuwa upofu.

Huku kwetu nikitaka kueleweka haraka huwataja wabangua korosho. Mafuta ya ganda la korosho nayo yanakushika kimyakimya, kisha ngozi inabadilika rangi na kuchubuka baadaye. Kufanana kunaishia hapo kwenye kuchelewa. Kinga wanazotumia baadhi ya wabanguaji, kupaka majivu au mafuta mikononi, hazifai kabisa kwa kostiki soda. Majivu yenyewe yana alkali. Mafuta yanasabunika na kukuacha mikono mitupu. Tena mitihani ya kidato cha nne huangukia Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, na mwanafunzi mwenye vidole vilivyochubuka hana ngozi ya kumkinga. Mimi humkagua mikono kabla ya kumpa chupa, na mwenye michubuko havai glavu iliyotoboka hata kwa dharura.

Sasa tazama meza ya vitendo. Kwa titresheni, yaani kupima nguvu ya myeyusho mmoja kwa kuuchanganya na mwingine unaojulikana, tunaandaa myeyusho wa 0.1 M, yaani gramu 4 katika lita moja. Huo unawasha, na machoni ni hatari, lakini haulingani na ule wa uchunguzi wa chumvi, ambao kwa kawaida ni 2 M: gramu 80 kwa lita, mara ishirini zaidi. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya za kuweka alama kwenye kemikali, myeyusho wa kuanzia asilimia 2 tayari unahesabiwa kuwa unaunguza ngozi, na kuanzia asilimia 5 unaingia daraja kali kabisa. Ule wa 2 M umeshavuka huko. Nimeona chupa mbili za aina hizi zimesimama pamoja, zote zimeandikwa NaOH, kifupi cha kikemia cha sodiamu haidroksaidi, na basi. Hakuna namba, hakuna tarehe. Mwanafunzi atajuaje ipi ni ipi, ilhali zote zinafanana na maji? Namba ya ukali iandikwe kubwa kuliko jina.

Pipeti, mrija wa kuvutia na kupimia kioevu, ndiyo inayonikera zaidi. Kwa kuwa alkali hukwamisha koki ya kioo ya bureti, ule mrija mrefu wa kudondoshea kioevu kwa kipimo, tunaweka asidi kwenye bureti na alkali kwenye pipeti, na hilo ni sahihi. Kisha mwanafunzi anaambiwa avute kwa mdomo, na hilo si sahihi hata mara moja. Pipeti ikinyanyuka kidogo juu ya myeyusho, hewa inaingia na kioevu kinaruka hadi kooni. Shule ikikosa vifyonzi, chukua sirinji ya plastiki isiyo na sindano, uiunge na kipande kifupi cha mpira kinachobana shingo ya pipeti, uvute taratibu. Kifaa hicho ni cha bei ndogo na kinafanya kazi vizuri. Mwalimu anayesema muda hautoshi kufundisha sirinji aanze kuifundisha kidato cha tatu.

Unyevu wa pwani nao una visa vyake. Vidonge vya sodiamu haidroksaidi hufyonza maji kutoka hewani, na kwa hewa ya Mtwara mjini, Mikindani au Lindi, kidonge kilichodondoka kwenye mizani kinaanza kulowa ukiwa bado unapima. Baada ya muda kinabaki kitone kinachofanana na maji, nacho ni alkali kali kuliko chupa yoyote iliyo mezani. Anayekuja nyuma anakifuta kwa kiganja au anaegemeza kiwiko. Kwa hiyo usipimie kwenye karatasi, pimia ndani ya bikari kavu, funika kopo mara moja, na ukimaliza futa mizani na meza kwa kitambaa chenye maji ukiwa bado na glavu. Hewa hiyohiyo inaleta kabonidayoksaidi, ambayo inageuza sehemu ya alkali kuwa sodiamu kaboneti. Ule ukoko mweupe unaouona mdomoni mwa chupa ndio huo. Ukipima gramu 4 kutoka kopo lililokaa wazi, hujapata 0.1 M, hata mizani iseme nini. Pima nguvu yake kwanza kwa asidi ya oksaliki.

Kuyeyusha kunatoa joto. Gramu 40 kwenye lita moja ya maji hupandisha joto kwa takriban nyuzi 10, na hilo halimtishi mtu. Lakini gramu 200 kwenye nusu lita zinaweza kuyafikisha maji karibu na kuchemka. Anza na maji, kisha tia vidonge kidogokidogo huku unakoroga. Ukimwaga maji juu ya vidonge, joto linajikusanya mahali pamoja na kioevu kinaruka usoni. Tumia bikari au ndoo ngumu ya plastiki, si chupa ya kupimia ya kioo kinene, ambayo hupasuka. Kizibo kiwe cha mpira au plastiki, kwa sababu kile cha kioo hung'ang'ania.

Na maji ya huduma ya kwanza? Hili nalisema hasa kwa wenzangu wa Newala na Tandahimba, kule juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya kutunzwa na bomba la maabara linaweza kukauka siku ya vitendo. Jicho lililoingiwa na alkali linahitaji maji safi yanayotiririka kwa nusu saa hivi. Kiwango kinachotumika kwa vifaa vya kuoshea macho ni kama lita moja na nusu kwa dakika. Piga hesabu: dakika 30 ni lita 45. Ndoo ya lita 20 yenye koki, zile tulizonawia mikono wakati wa korona, inakwisha baada ya dakika 13 tu. Zinatakiwa ndoo tatu, zimejaa, zina vifuniko, zimewekwa juu kiasi cha kichwa kuinama chini yake, maji yamebadilishwa asubuhi hiyo. Kama ndoo tatu hazipo, siku hiyo sifungui kopo. Nimewahi kugombana na watu kwa msimamo huu na nitagombana tena.

Tukio likitokea, kidonge au unga mkavu ukung'ute kwanza kwa upesi, nguo iliyolowa itoke, kisha maji mengi. Kwa jicho, shikilia kope zote mbili ziwe wazi, maji yatoke upande wa pua kwenda nje ili jicho lisiloumia lisipate ya mwenzake, na mwenye lenzi azitoe wakati maji yanaendelea. Usipake ndimu wala siki. Wazo la asidi kuua alkali ni la kwenye chupa ya kioo. Juu ya ngozi, kukutana kwao kunaongeza joto, na dakika uliyotafuta ndimu ndiyo dakika uliyoipoteza. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu kinachorudi kitaunguza koo mara ya pili. Asukutue mdomo, apelekwe hospitali, na lebo ya chupa iende naye.

Nje ya shule, kemikali hii inaishi kwenye vikundi vya sabuni. Wanaotumia mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 180 za kostiki soda kwa kilo moja ya mafuta, kiasi kikubwa kuliko kinachotumika darasani kwa muhula mzima. Mama zangu wa vikundi hivi, msiiyeyushe kwenye sufuria za alumini. Alkali inaila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche, na jiko la mkaa liko hapo pembeni. Na isihifadhiwe kwenye chupa tupu za maji ya kunywa. Plastiki ya chupa hizo hudhoofishwa na alkali kali, lakini kabla haijavuja mtoto mwenye kiu ameshainua. Nunueni kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kopo likiwa na lebo yake yenye picha ya mkono unaoliwa na kioevu, na ibaki humohumo, imefungwa, juu mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.

Mabaki ya titresheni ya 0.1 M yaende kwenye sinki na maji mengi. Ya 2 M yakusanywe kwenye dumu moja la plastiki ngumu, yapunguzwe ukali kwa maji, kisha yatiwe asidi hafifu taratibu hadi fenolfthalini, kionyeshi kinachogeuka waridi kwenye alkali, ipoteze rangi yake, ndipo yamwagwe.