Kwaresima: tunavyoidhania toba

Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, yaani siku 40 za toba kabla ya Pasaka, kanisa hujaa hadi watu wanasimama nje. Wanatoka na alama ya msalaba kwenye paji la uso, wanarudi sokoni na maofisini. Nafurahi kuwaona. Ila tukikutana kwenye jumuiya nasikia maneno yanayonisikitisha, maana yanawanyima watu kile kile walichokifuata.

Dhana: Ukishapakwa majivu umesamehewa.

Majivu si sakramenti. Ni yale makuti tuliyoyapunga Jumapili ya Matawi mwaka uliopita, tukayachomeka nyuma ya msalaba sebuleni hadi yakakauka, kisha yakarudishwa parokiani yakachomwa. Anayekupaka anakuambia, "Tubuni na kuiamini Injili." Hayo anaambiwa mtu anayeanza safari.

Dhana: Kutubu ni kushinda na njaa.

Kwa Wakatoliki, sheria ya kufunga yenyewe ni nyepesi: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59, mlo mmoja kamili na milo miwili midogo. Nyama huachwa siku hizo na Ijumaa zote za Kwaresima, kuanzia miaka 14. Mgonjwa na mjamzito hawabanwi. Lakini somo la kwanza la siku ile ya majivu, kutoka kwa nabii Yoeli, linasema "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu", na kabla ya hapo, "nirudieni mimi". Hata neno letu toba, lililotoka Kiarabu, asili yake ni kurudi. Unaweza kufunga siku zote 40 (Jumapili hazihesabiwi) na usiwe umerudi popote.

Dhana: Kwaresima ni ya Wakatoliki.

Walutheri na Waanglikana nao wanaishika.

Dhana: Nijirekebishe kwanza, ndipo nimrudie Mungu.

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Nawajua watu walioacha kabisa kuingia kanisani kwa sababu ndoa yao haijabarikiwa, au kwa sababu ya pombe. Wanasubiri siku watakapokuwa safi. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 alirudi akiwa bado ananuka nguruwe. Baba alimwona "angali mbali", akaenda mbio, akamkumbatia kabla kijana hajamaliza maneno aliyoyapanga njiani. Na Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, je? Yesu alisema atashinda nyumbani kwake wakati Zakayo bado yuko juu ya mkuyu, hajaahidi lolote. Kama kuna jambo la ndoa, padri yupo, nenda mkae mzungumze. Na kama unaogopa kwamba utasimuliwa, siri ya maungamo haina ruhusa ya kuvunjwa kwa sababu yoyote ile.

Dhana: Nikishaungama, yamekwisha.

Kwa Mungu dhambi imesamehewa. Ila kilicho cha mtu bado ni cha mtu. Zakayo alilijua hilo: "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Kwenye kitubio, padri anaweza kukutaka urudishe ulichoiba au usafishe jina la uliyemsingizia.

Kwaresima moja mnunuzi wa mahindi alinijia jioni. Miaka miwili nyuma alinipimia kwa debe lililotanuliwa ubavuni. Nilijua, nikanyamaza kwa kuwa nilihitaji ada ya mtoto. Akasimama mlangoni, akakataa kiti. Alitoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, ndani yake noti, na pembeni majina ya watu tisa yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, matatu yamekatwa mstari. Langu lilikuwa la nne. Alinishika mkono, akaomba kalamu akalikata, kisha akaniuliza kama yule bibi wa ng'ambo ya mto bado anaishi kule kule.