Mita za dashibodi si za kuchomeka na kuondoka

Wengi huamini mita za dashibodi ni taa na mishale tu: chomoa mbovu, pachika za mtumba, washa gari. Kwa gari la kebo ya spidi, yaani waya unaozunguka kuusukuma mshale wa spidi, sawa. Lakini chukua Volkswagen Golf ya kizazi cha 4, iliyotoka 1997. Ndani ya mita zake kuna imobilaiza, kinga ya wizi inayotambua chipu ya ufunguo. Ukifunga za gari jingine, injini inawaka sekunde moja au mbili, kisha kimya. Taa ya imobilaiza inamweka. Fundi mwenye pupa hapo hukimbilia pampu ya mafuta, na hela yako inakwenda. Kinachotakiwa ni kuzioanisha mita hizo na kompyuta ya injini na funguo, kwa namba ya siri ya tarakimu 4. Kilomita nazo? Unazosoma ni za gari lililochinjwa kupata mita hizo, hadi kumbukumbu ya mita iandikwe upya.